Mawimbi ya Wi-Fi na Kuta Zetu za Saruji

Siku hizi si ajabu kuingia nyumba ya vyumba sita huko Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tandale, ukakuta kisanduku chenye vitaa juu ya kabati la mwenye nyumba, na wapangaji wote wachangia malipo yake ya mwezi. Katika chumba cha mbele vijana hutazama watakacho bila taabu. Katika chumba cha mwisho, karibu na uani, mtoto wa kidato cha nne angojea ukurasa mmoja wa masomo ufunguke hata usingizi ukamchukua. Hapo ugomvi huanza. Huyu ataka kuacha kuchanga, yule amwambia mwenye nyumba anunue kifurushi kikubwa zaidi. Nasi twasema: kabla ya kutoa shilingi nyingine, chukueni simu mkasimame karibu na kisanduku hicho. Mambo yakiwa mazito hata hapo, huenda kweli dosari yatoka kwa kampuni au kifurushi ni kidogo. Yakiwa mepesi hapo na mazito chumbani, dosari imo ndani ya nyumba.

Kisanduku hicho chaitwa ruta, na kazi yake ni kazi ya redio. Wazee waliosikiliza Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951 walijua kwamba kila stesheni ina masafa yake, na stesheni mbili zikikaa mahali pamoja hapana isikikayo vizuri. Wi-Fi nayo ni vivyo hivyo. Ruta nyingi za sasa zina masafa ya namna mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12. La 5 ni kama sentimita 5 au 6 tu. La kwanza hupenya kuta kwa wepesi zaidi na kufika mbali. La pili hubeba mengi kwa haraka, lakini likikutana na kuta mbili tatu za matofali ya saruji hudhoofika upesi. Mlango wa chuma, bati na kioo kikubwa cha kabati la nguo huyarudisha mawimbi yote mawili nyuma, na tangi la maji huyanyonya. Kwa hiyo ruta iliyofichwa nyuma ya friji ili watoto wasiichezee haiwatendei haki wapangaji. Itundikeni juu ukutani, katika ukumbi wa kati, mahali pa wazi. Mwenye chumba cha mbali achague jina la 2.4, na runinga iliyo karibu na ruta ipewe la 5.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja lililoenea. Ruta nyingi huandika 5G mwishoni mwa jina la masafa ya gigahezi 5. Hiyo siyo 5G ya minara ya simu, yaani kizazi cha tano, iliyofika Tanzania mwaka 2022. Ni herufi zilizofanana tu, na wako waliouziwa vitu kwa ajili ya kufanana huko.

Ziko pia kanuni. Chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa ya kwanza mwaka 1997, ikapewa nambari 802.11, kisha kila mpya ikaongezewa herufi: a na b mwaka 1999, g mwaka 2003, n mwaka 2009, ac mwaka 2013, ax mwaka 2021. Herufi hizi ziliwachosha hata wauzaji, ndiyo maana tangu mwaka 2018 n yaitwa Wi-Fi 4, ac ni Wi-Fi 5, na ax ni Wi-Fi 6. Anayekwenda Kariakoo kununua ruta na asome nambari hiyo juu ya boksi, lakini ajue kwamba ruta mpya haiifanyi simu ya zamani kuwa mpya. Simu yenye Wi-Fi 4 ya 2.4 peke yake itabaki hapo, hata ruta iwe ya bei gani.

Masafa ya 2.4 yana msongamano mkubwa. Bluetooth imo humo, na jiko la maikrowevu likiwashwa huyavuruga. Isitoshe, nyumba zetu zimeshikana. Fungua simu yako Tandale uyahesabu majina ya Wi-Fi! Masafa haya yamegawanywa katika chaneli, kwetu ni 13, lakini zimepandana, hata zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Vyombo vilivyo katika chaneli moja husikilizana, kimoja kikisema kingine hungoja, mfano wa watoto wa chuo wanaosoma mmoja mmoja mbele ya mwalimu. Huchelewa, lakini husomeka. Aliyejiweka katika chaneli ya 3 akidhani amepata nafasi tupu, hasikilizani vema na walio katika 1 wala walio katika 6, bali huwapigia kelele wote, nao humpigia yeye. Ziko programu za bure za simu zinazoonyesha chaneli ya kila jirani. Nyumba tatu zilizopakana zikikaa baraza moja jioni zikagawana 1, 6 na 11, kazi hiyo haizidi dakika kumi wala haina gharama, ila kumtafuta kijana ajuaye neno la siri la ruta.