Kabla ya kulipia amplifaya, soma nyuma

KIGALI – Mfanyabiashara anayepanda basi Nyabugogo kwenda Kampala au Rubavu na amplifaya ya mtumba amebeba mtaji wake mapajani. Dukani ilimvutia kwa mlio, lakini faida imeandikwa nyuma yake. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani husomeka volti 100. Ya Marekani, 120. Umeme wa Rwanda ni volti 230, wa Uganda 240. Mteja akiichomeka bila transfoma ya kushusha umeme, inaungua. Bei ya transfoma iingie kwenye hesabu mapema.

Spika nazo zina namba. Amplifaya ya omu 8 ikifungiwa spika za omu 4 hupata joto na huweza kuharibika. Anayeboresha muziki wa nyumbani kidogo kidogo aanze na spika: ndizo zinazobadili sauti zaidi.