Mtoto aumwaye kichwa kila Jumapili jioni

Katika kliniki za mitaa kama Kapsoya, hapa Eldoret, wiki ya kufungua shule huwa na wagonjwa wa aina moja. Mzazi huingia na mwanafunzi wa miaka 13 au 15 anayelalamikia kichwa, tumbo, kifua kubana au kukosa usingizi. Damu hupimwa na malaria haionekani. Homa ya matumbo nayo haipo, na macho ni mazima. Daktari akiuliza maumivu huanza lini, mama hufikiri kidogo kisha husema, "Jumapili jioni, daktari." Na wakati wa likizo? Likizo mtoto huwa hana neno.

Wazazi wengi hapo huamua kwamba mtoto anajifanya. La hasha. Mwili wa mtu mwenye hofu hutoa homoni iitwayo adrenalini, ambayo huupeleka moyo mbio, hukaza misuli ya shingo na kuvuruga tumbo. Hofu ikikaa siku nyingi, maumivu nayo hukaa. Kichwa kinauma kweli, ila tembe za maumivu haziwezi kukifikia chanzo chake.

Takriban nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 18. Utafiti wa kitaifa kuhusu vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kijana mmoja kati ya wanane alikuwa na maradhi hayo. Katika darasa la wanafunzi 48, hao ni sita. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini hofu ya mtihani haikuondoka nao.

Ugumu ni kwamba nyumba ina nusu ya habari na shule ina nusu nyingine. Nyumbani mama anaona mtoto halali, anawafokea wadogo zake na kuacha ugali sahanini. Shuleni mwalimu anaona alama zimeshuka, mtoto ameacha kandanda na anakaa peke yake. Mwalimu hajui kwamba baba alipoteza kazi mwezi uliopita, au kwamba nyanya aliyemlea mtoto huyo amefariki. Anachoona ni kazi ya ziada isiyokamilika. Mzazi naye hujua ya shule kupitia ripoti ya mwisho wa muhula, ambapo huwa ameandikiwa, "Anaweza kufanya bora zaidi." Mzazi, mtafute mwalimu wa darasa kabla ya muhula kwisha, uketi naye bila mtoto kuwepo akitetemeka katikati yenu, na umweleze yanayotendeka nyumbani hata kama yanakuonea haya.

Huzuni ya kijana aghalabu haifanani na ya mtu mzima. Wengi hawalii, bali huwa wakali, hujibu kwa mkato, hutoroka shule au huanza kulewa. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, na hasa ikiwa mtoto ameacha mambo aliyokuwa akiyapenda, haifai tena kuitwa utundu. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, ingawa sote tunajua bado kinasikika. Kumchapa mtoto wa namna hii ni kumwongezea kile kile kinachomuumiza.

Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha. Lakini ikiwa mwalimu huyo ndiye pia msimamizi wa nidhamu, mwanafunzi gani atamwendea? Na siri iliyosemwa saa nne ikijulikana katika chumba cha walimu kufikia wakati wa chai, mlango huo umefungwa kwa shule nzima. Si lazima msaada uwe wa gharama kubwa. Watafiti wa hapa Kenya walichapisha mwaka 2021 matokeo ya mpango uitwao Shamiri, ambapo vijana waliomaliza sekondari karibuni waliongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne tu. Dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua. Nadhani kilichosaidia, pamoja na masomo yenyewe, ni kwamba msikilizaji hakuwa na fimbo wala kalamu nyekundu.

Wazazi wa mji huu wana jambo jingine. Wengi wao walikuwa wanafunzi wakati wa ghasia za 2007 na 2008, na baadhi yao walilala katika mahema ya uwanja wa maonyesho. Wengi hawakuulizwa na mtu waliona nini. Mzazi wa namna hiyo akimwambia mwanawe, "Mimi nilipitia makubwa na sikulia," anasema kweli, lakini mtoto husikia kwamba anyamaze.

Kuna swali ambalo wazazi huliogopa: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Liulize, kwa sauti ya kawaida. Kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, usimwache peke yake wala usimhubirie. Siku hiyo hiyo fungia dawa zote kwa kufuli, pamoja na zile za kuoshea ng'ombe na za kunyunyizia mahindi, ambazo katika nyumba zetu nyingi zenye shamba huwekwa chini ya kitanda au nyuma ya mlango wa jikoni. Wimbi la kutaka kufa huja na kupita, na mara nyingi kinachoamua ni kile kilichokuwa karibu na mkono. Wala usimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, papa hapa Eldoret, ina kitengo cha afya ya akili. Matibabu ya vijana wengi huanza kwa mazungumzo, ya mtoto peke yake na ya familia. Wachache huhitaji tembe, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na hazifai kukatizwa ghafla mtoto anapoanza kucheka tena. Mtoto asiyeweza kumwambia mzazi wala mwalimu anaweza kupiga simu 116 bila malipo, mchana au usiku. Namba hiyo ibandikwe mahali anapoweza kuisoma bila kuonekana, kwa mfano ndani ya mlango wa choo cha shule.