MICHEZO INAKWAMA KATIKA KOMPYUTA? SOMA HAYA KABLA YA KWENDA BUJUMBURA



Vijana wengi wana kompyuta mpakato za bei nafuu, zilizokwisha kutumiwa na wengine. Mchana ni za masomo, jioni ni za mchezo wa mpira au wa magari. Mchezo ukikwama, utaambiwa: "Ongeza RAM." Mtu huweka akiba kwa miezi, akasafiri hadi Bujumbura, akarudi na kifaa kisichoingia. Kutoka Bwagiriza au Kavumu mpaka Bujumbura ni karibu kuvuka nchi nzima, na nauli hairudishwi. Taarifa hii inakueleza namna ya kujua, ukiwa bado hapa kambini, kama fedha yako itafanya kazi au itapotea.

RAM NI NINI?

RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Usiichanganye na diski. Diski ni kama ghala. RAM ni kama meza iliyo mbele ya ghala siku ya mgao. Meza ikiwa ndogo, mstari hausogei hata kama ghala limejaa. Ukifungua mchezo, kompyuta hutoa vitu katika diski na kuvipanga juu ya meza hiyo. Visipoenea, huvirudisha ghalani na kuvileta tena, na hapo mchezo hukwama.

RAM hupimwa kwa gigabaiti, yaani GB. Kwa Kifaransa huandikwa Go. Mchezo wa GTA San Andreas, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2005, hautaki hata nusu ya GB 1. GTA V, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, unataka angalau GB 4, na watengenezaji wanashauri GB 8. Kwa hiyo, kama kompyuta yako ina GB 4 na unacheza ule wa kwanza tu, RAM mpya haitabadili kitu.

PIMA KWANZA

1. Funga programu nyingine zote. Cheza mpaka mchezo ukwame. Kisha bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Katika kibodi ya Kifaransa, Shift ni Maj na Esc ni Échap. Chagua Performance, halafu Mémoire. Kama kumbukumbu imejaa kwa asilimia 90 au zaidi, RAM haitoshi. Kama ni asilimia 60 na mchezo bado unakwama, tatizo liko kwingine: prosesa, sehemu ya picha, au joto. Vumbi huziba feni, na kuisafisha ni nafuu kuliko kununua RAM.

2. Hapo hapo tazama ni nafasi ngapi zimetumika. "1 sur 2" maana yake nafasi moja ni tupu. Lakini hakikisha kwa macho, kwani katika baadhi ya kompyuta za bei ndogo RAM imelehemewa kwenye bodi. Fundi akifungua kifuniko na asione nafasi, usinunue.

3. Kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4, hata ukiweka GB 8. Kwanza uwekewe Windows ya biti 64, kama prosesa inaikubali.

JUA AINA YAKE

RAM za aina mbalimbali haziingiliani. Za kompyuta mpakato ni hizi:

- DDR3: miguu 204, volti 1.5
- DDR3L: miguu 204, volti 1.35
- DDR4: miguu 260, volti 1.2
- DDR5: miguu 262, volti 1.1

DDR3 na DDR3L zinafanana kwa umbo, lakini kompyuta nyingine hukubali DDR3L tu. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya RAM ya zamani: PC3L ni DDR3L, PC4 ni DDR4. Nakili maandishi yote. RAM ya kompyuta ya mezani ni ndefu karibu mara mbili, na haiingii katika mpakato.

Kompyuta isiyo na kadi yake ya picha huazima sehemu ya RAM kwa ajili ya picha. Kwa hiyo RAM mbili za GB 4 kwa kawaida huchezesha vizuri kuliko moja ya GB 8.

UKIFIKA BUJUMBURA

Kabla ya safari, hakikisha una kitambulisho na kibali cha kutoka kambini. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, na wafanyabiashara wakatawanyika. Kwa hiyo usinunue katika duka la kwanza. Uliza bei katika maduka mawili matatu. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, hutapata shida ya lugha. Kwa Kifaransa kipande cha RAM huitwa barrette.

Beba kompyuta, chaja na RAM ya zamani. Usilipe kabla RAM haijawekwa, kompyuta ikawaka na kuonyesha GB zote. Fungua mchezo ucheze robo saa hapo hapo. Dai risiti.

UKIIWEKA MWENYEWE

1. Zima kompyuta kabisa. Chomoa chaja na utoe betri.
2. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kabla ya kugusa RAM.
3. Shika RAM pembeni, usiguse miguu ya dhahabu. Linganisha pengo lake na la nafasi. Iingize kwa kuinama, kisha ibonyeze chini mpaka vishikizo vilie.
4. Ikikataa kuingia, usilazimishe: huenda ni aina nyingine.
5. Kompyuta ikiwaka bila picha, izime, uitoe RAM na kuiweka upya.

Ndugu, usiuze chakula cha nyumbani kwa ajili ya RAM. Pima kwanza. Ukikuta RAM siyo tatizo, umeokoa akiba yako na nauli. Ukishasoma, mpe jirani naye asome.