Fahamu: Mazoezi ya kuvuta mkanda usiosogea

Ni nini?
Unakanyaga mkanda imara, kama ule unaofungia mizigo kwenye malori ya Changamwe, Mombasa, unashika ncha zake mbili na kuvuta kwa sekunde kadhaa. Mkanda hausogei, misuli ndiyo inayokaza.

Je, yanajenga nguvu?
Naam. Mwaka 1953 watafiti wa Ujerumani, Hettinger na Müller, walionyesha kwamba kukaza misuli kwa sekunde chache kila siku huongeza nguvu. Wapo wanaoshikilia kwamba bila chuma hakuna mwili, na wana hoja kiasi: nguvu huongezeka zaidi katika pembe ile ile uliyovutia. Basi badilisha urefu wa mkanda ili uvute katika pembe tofauti. Kwa asiye na ada ya jimu Likoni au Kisauni, mkanda unatosha kuanzia.

Tahadhari
Usibane pumzi, presha hupanda. Mwenye maradhi ya presha au moyo amwone daktari kwanza.