Taa za Shaba za Vienna: Thamani Imo Kwenye Rangi

Ukiikuta taa ya kale ya ukutani, ya shaba, yenye sanamu ya muuza mazulia aliyevaa kilemba, usikimbilie dawa ya kung'arisha. Huenda ni kazi ya mafundi wa Vienna, Austria, na kilichoipa uhai ni ile rangi unayotaka kuisugua.

Vienna ilivuma kwa sanamu ndogo za shaba tangu katikati ya karne ya 19 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Karakana mashuhuri ilikuwa ya Bergmann, ambayo Franz Xaver Bergmann (1861–1936) aliirithi kwa baba yake. Enzi hizo matajiri wa Ulaya walizitamani nchi za Mashariki, hasa baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869. Umeme ulipoingia majumbani, mafundi wakaificha balbu ndani ya fanusi au nyuma ya tao la msikiti. Mashariki hiyo ilikuwa ya kufikirika kwa sehemu kubwa: mavazi na majengo ya nchi mbalimbali yalichanganywa ili kumridhisha mnunuzi.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, ulikuwa wa kweli. Mkono, zulia na mtende vilimiminwa kila kimoja katika kalibu yake, vikapigwa tupa, kisha vikaunganishwa. Ndipo rangi ilipopakwa tabaka juu ya tabaka bila kuchomwa motoni, mara nyingi na wanawake waliofanyia kazi hiyo majumbani mwao. Kwa kuwa haikuchomwa, rangi hiyo hubanduka kwa urahisi.

Kabla ya kununua, geuza taa utazame mgongoni. Palipokwaruzika, shaba huonyesha unjano; zinki, iliyotumika kwenye nakala za bei nafuu, huonyesha kijivu. Sumaku haitakusaidia hapo, maana haivuti yoyote kati ya hizo mbili. Alama ya Bergmann ni herufi B ndani ya mtungi, lakini mihuri hughushiwa, hivyo chunguza pia vidole, mikunjo ya kanzu na nakshi za zulia. Rangi ya zamani huchakaa kwanza kwenye pua, magoti na kingo; ikiwa imelika mabondeni huku sehemu zilizoinuka zikiwa mpya, tia shaka.

Ukishaipata, ifute vumbi kwa brashi laini, kavu. Waya za zamani zibadilishwe na fundi umeme bila kutoboa tundu jipya, na vipande vilivyotolewa vihifadhiwe pamoja na taa.