Urithi wa Kiwanda cha Nguo Huanzia Shambani

Songea haijulikani kwa viwanda vya nguo. Atajaye Ruvuma hutaja mahindi, tumbaku na kahawa ya Umatengo. Hata hivyo twasema kwamba historia ya viwanda vya nguo vya nchi hii haikamiliki pasipo Songea, na atakaye kuijua hana budi apite kwanza kwenye makaburi ya mji huu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Ujerumani vilitegemea sana pamba ya Marekani, na wenyewe walitaka pamba ya koloni lao. Tangu mwaka 1902 wenyeji wakalazimishwa, chini ya maakida na majumbe, kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Katika wilaya ya Dar es Salaam ujira wa mkulima kwa mwaka wa kwanza ulikuwa senti 35. Mwishoni mwa Julai 1905 wazee wa Nandete, Umatumbi, waling'oa miche ya pamba. Ndivyo Vita vya Majimaji vilivyoanza.

Wangoni walikuwa na sababu zao, kwanza kabisa enzi yao waliyonyang'anywa mwaka 1897. Lakini vita waliyojiunga nayo Septemba 1905 ilianzia katika shamba la pamba. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa Gama na wenzake makumi kadhaa walinyongwa hapa Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, naye alinyongwa. Kisha Wajerumani wakateketeza nafaka, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Tulipojitawala mwaka 1961 sehemu kubwa ya pamba yetu ilikuwa bado ikivuka bahari, nasi tukinunua nguo kutoka nje. Ndiyo maana Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa mkopo wa China usio na riba na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa jambo kubwa. Hapo pamba ilisokotwa ikawa uzi, uzi ukafumwa, nguo ikatiwa rangi na kuchapwa khanga na vitenge. Kiwanda kilikuwa hata na bendi yake, Urafiki Jazz, iliyopendwa nchi nzima. Mwanza nayo ikapata Mwatex, na miji mingine ikafuata.

Miaka ya 1980 ilipofika, umeme ulikatikakatika, vipuri vikakosekana na fedha za kigeni zikaadimika. Kisha milango ya soko ikafunguliwa, mitumba na vitenge vya nje vikajaa, na mashine nyingi zikanyamaza.

Wenzetu hawaachi historia ya namna hii ipotee. Karibu na Manchester, kando ya mto Bollin, kinu cha Quarry Bank kilichojengwa mwaka 1784 kimehifadhiwa. Hawakuhifadhi mashine tu. Wamehifadhi pia nyumba walimolala watoto waliofanyishwa kazi humo.

Nasi yatupasa kuhifadhi yote mawili, fahari na machungu. Kijana aliyeingia kiwandani mwaka 1968 akiwa na miaka 20 sasa ni mzee aliyekwisha vuka sabini. Yeye ndiye ajuaye uzi ulivyokatika usiku wa zamu, na vyama vya wafanyakazi vina wajibu wa kuandika maneno yake angali hai. Hapa Songea, Makumbusho ya Majimaji yangefaa kuweka kando ya mikuki jora moja la nguo iliyofumwa na Watanzania, ili mtoto wa shule aone wazee wa Nandete walikataa nini, na wajukuu wao walipata nini.

Wala tusidhani kazi imekwisha. Hadi leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje ikiwa marobota, nasi tukairudishiwa ikiwa shati. Kila kiongozi anayezuru makaburi ya mashujaa kila Februari na aulizwe, kwa adabu, pamba hiyo itafumwa hapa nchini lini.