Chunga batri ya ndege ndogo

Ndugu mfanyakazi, pengine mtoto wako anarusha ndege ndogo ya umeme. Batri yake ya litiamu, ambayo mara nyingi ina kobalti kama ile tunayochimba, inadanganya: nguvu inapungua polepole, halafu inakatika ghafula, na ndege inaweza kuangukia watu.

Seli moja ikijaa ina volti 4,2. Isishuke chini ya 3. Basi wekeni saa ya kengele kabla ya kurusha, mkatue ndege ingali na sehemu moja ya tano ya nguvu.

Batri iliyovimba usiijaze tena: inaweza kuwaka. Wala usijaze batri watu wakiwa wamelala. Mtoto akiungua, mmwagie maji baridi dakika 20, kisha mlete dispensari.